Kuona Njia: Historia ya Barafu kwenye Kioo cha Gari

Zaidi ya miaka sabini kabla gari la kwanza la Karl Benz halijapita katika mitaa ya Mannheim, daktari mmoja wa London alikuwa na mazoea ya kutoka nje usiku, katika bustani moja ya Surrey, akiwa amebeba vifundo vya sufu alivyokwisha kuvipima kwenye mizani. Alivipanga juu ya majani, juu ya ubao na chini ya ubao, kisha akavipima tena usiku ulipokwisha. Jina lake William Charles Wells, mzaliwa wa Charleston huko South Carolina, tabibu wa hospitali ya St Thomas. Swali lililomkosesha usingizi lilikuwa la kale: umande hutoka wapi? Wapo waliosema hushuka kutoka mbinguni kama mvua nyembamba, na wapo waliosema hupanda kutoka ardhini.

Mizani ilimpa jibu. Sufu iliyolala juu ya ubao, ikiitazama mbingu, ilinyonya maji mengi kuliko ile iliyofichwa chini yake. Usiku wa mawingu, unyevu ulikuwa kidogo tu. Alipotandaza leso nyembamba juu ya vijiti vinne, majani yaliyokuwa chini ya leso yalibaki na joto kuliko majani ya jirani yaliyokuwa wazi. Wells akafikia hitimisho ambalo bado linasimama: kitu kilicho wazi chini ya anga safi hupoteza joto lake kuelekea angani, kikapoa kuliko hata hewa inayokizunguka, na unyevu wa hewa hiyo ukatua juu yake. Kikipoa chini ya nyuzi 0, unyevu hutua ukiwa tayari umekuwa sakitu. Kitabu chake kuhusu umande kilitoka mwaka 1814, na Royal Society ikamtunuku nishani ya Rumford.

Mkulima wa Makete au wa Nyandarua hana haja ya kuelezwa sana jambo hili. Anajua kwamba usiku unaounguza viazi ni ule wa nyota tupu, usio na wingu wala upepo. Kioo cha gari hufuata sheria hiyohiyo. Kioo cha mbele, kwa kuwa kimelala kimshazari na kuitazama mbingu, huganda kabla ya vioo vya milangoni vilivyosimama wima. Gari lililoegeshwa chini ya paa au ubavuni mwa ukuta laweza kuamka safi, huku jirani yake aliye uwanjani akiamka mweupe. Hata kipimajoto kikisema hewa iko nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri, kioo chenyewe chaweza kuwa kimeshuka chini yake. Turubai linalotandazwa juu ya kioo jioni hufanya kazi ileile ya leso ya Wells.

Basi elimu ya kwa nini kioo huganda ilikuwapo mapema. Kilichochukua zaidi ya karne moja na nusu ni kukubaliana kwamba kukisafisha ni jukumu la mtu fulani, na mtu huyo ni nani.

Kioo kilichokuja kama mkingaji

Magari ya mwanzo hayakuwa na kioo. Dereva alikaa juu kama mwendesha farasi, uso wake ukipigwa na upepo, akajikinga kwa miwani mikubwa, skafu na koti la ngozi. Mwendo ulipoongezeka, upepo na vumbi vikawa havivumiliki, na katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 watengenezaji wakaanza kuuza kioo cha mbele kama nyongeza kwa anayetaka.

Kioo kilimwokoa dereva na upepo, kikamletea upofu. Tone la mvua ambalo zamani lilimpiga shavuni sasa lilikaa mbele ya macho yake. Theluji iliyokuwa ikiyeyuka kwenye koti sasa iliganda pale pale alipotakiwa kutazama. Dawa ya kwanza ilikuwa kukiondoa kioo njiani: kiligawanywa vipande viwili, cha juu na cha chini, na kile cha juu kiliwekewa bawaba ili kifunguliwe hali ya hewa ikiharibika. Dereva akarudi kuchapwa na upepo uleule aliolipa fedha kuukwepa.

Madereva wa tramu waliishi na tatizo hilo kila siku, na ni ndani ya tramu ndimo suluhisho la kwanza la maana lilipozaliwa.

Mwanamke wa Alabama katika tramu ya New York

Mary Anderson alizaliwa mwaka 1866 katika jimbo la Alabama. Hakuwa mhandisi. Alikuwa mwanamke wa biashara ambaye alijenga nyumba za kupangisha mjini Birmingham, kisha akaenda Fresno, California, kusimamia ranchi ya ng'ombe na shamba la mizabibu kabla ya kurudi nyumbani. Katika majira ya baridi ya 1902 kuingia 1903 alikwenda New York, na siku moja ya mvua iliyochanganyika na theluji alipanda tramu. Dereva hakuweza kuona kupitia kioo, akalazimika kuendesha kikiwa wazi, na baridi ikaingia kwa kila mtu aliyekuwa ndani.

Wengine waliona baridi. Anderson aliona kasoro inayoweza kurekebishwa. Aliporudi Alabama alichora kifaa chake na kutengenezesha mfano. Ulikuwa mkono wenye ukanda wa mpira upande wa nje, uliounganishwa na wenzo ulio ndani, karibu na mkono wa dereva. Akiuvuta wenzo, ukanda ulipita juu ya kioo na kufagia mvua au theluji, na kizito cha kusawazisha kiliubana mpira kwenye kioo njia nzima. Kiangazi kikija, kifaa kizima kiliweza kung'olewa. Tarehe 10 Novemba 1903 serikali ya Marekani ilimpa hataza namba 743,801.

Kilichofuata kinasikitisha hadi leo. Mwaka 1905 alijaribu kuuza haki zake kwa kampuni moja ya Montreal, mji ambao theluji huulalia kwa miezi kadhaa kila mwaka. Kampuni ilimjibu kwamba haikuona faida ya kibiashara katika kifaa chake. Hataza yake ilimalizika mwaka 1920, miaka miwili tu kabla ya Cadillac kuanza kuyatoa magari yake kiwandani yakiwa na waipa kama sehemu ya kawaida ya gari. Anderson alifariki mwaka 1953 akiwa na miaka 87, bila kupata malipo kutokana na wazo lake. Jina lake liliingizwa katika ukumbi wa heshima wa wavumbuzi wa Marekani mwaka 2011.

Ni rahisi kusema kwamba magari yalikuwa machache wakati huo na soko halikuwa tayari. Hilo ni kweli kwa magari, lakini tramu zilikuwa tele na zilijaa abiria. Nadhani kulikuwa na jambo la ndani zaidi. Kuona vibaya wakati wa theluji kulihesabiwa kuwa sehemu ya kazi ya dereva, shida yake binafsi, kama vile vidole kufa ganzi. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu wa barabarani alikuwa na dai lolote juu ya kioo cha mtu mwingine.

Usiku wa Buffalo

Dai hilo lilijitokeza mwaka 1917 katika mji wa Buffalo, magharibi mwa jimbo la New York. Mji huo uko ukingoni mwa ziwa Erie, na pepo za baridi zinapovuka maji ya ziwa hubeba unyevu mwingi na kuumwaga juu yake kama theluji nzito. John Oishei, meneja wa ukumbi wa maonyesho, alikuwa akiendesha gari lake usiku wa mvua akamgonga mwendesha baiskeli ambaye hakumwona. Mtu yule hakuumia sana, lakini Oishei hakuweza kulisahau tukio hilo.

Alitafuta kifaa cha kusafishia kioo, akakipata kwa fundi wa mjini humohumo, John Jepson: ukanda wa mpira wa kuvuta kwa mkono, uliopita katika uwazi kati ya kipande cha juu na cha chini cha kioo. Oishei aliunda kampuni ya kukitengeneza na kukiuza. Kampuni hiyo, iliyokuja kuitwa Trico, ikawa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa waipa duniani. Baadaye mkono wa dereva ulipumzishwa: waipa zikaendeshwa kwa mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, ingawa zilizembea gari lilipopanda kilima, na hatimaye zikapewa mota ya umeme.

Tofauti kati ya Anderson na Oishei haikuwa akili wala bidii. Anderson aliwaambia watu kwamba dereva anateseka, na hawakusikia. Oishei alianza kutoka kwa aliyegongwa. Kuanzia hapo swali la kioo halikuwa tena la starehe ya aliye ndani peke yake.

Hata hivyo, waipa ilijibu nusu ya swali. Mpira hufagia maji na theluji laini, lakini juu ya barafu iliyoshika kioo huteleza tu. Ukiganda pamoja na barafu, huchanika mara tu mota inapouvuta. Na ulikuwa unakuja wakati ambapo barafu ingeanza kujitengeneza upande wa pili wa kioo.

Pumzi ndani ya gari lililofungwa

Mwaka 1919, katika kila magari kumi yaliyouzwa Marekani, kama moja tu ndilo lililokuwa na paa la kudumu na vioo pande zote. Kufika mwaka 1927, yalikuwa zaidi ya manane. Familia sasa zilisafiri majira yote ya mwaka. Lakini gari lililofungwa hushika pumzi za waliomo. Binadamu aliyetulia hutoa makumi ya gramu za maji kila saa kwa pumzi na ngozi. Hewa yenye nyuzi 20 yaweza kubeba kama gramu 17 za maji katika kila mita moja ya ujazo, ila ikipoa hadi nyuzi 20 chini ya sifuri hubaki na uwezo wa kubeba takriban gramu moja. Pumzi ya abiria ikigusa kioo baridi hulazimika kuyaacha maji yake hapo, kwanza kama ukungu, kisha kama maua meupe ya barafu.

Madereva wa miaka ya 1920 walijaribu kila walichokuwa nacho. Walipaka kioo glisirini, spiriti au maji ya chumvi. Walisugua kitunguu kilichokatwa. Katika majimbo ya kaskazini na Kanada yaliuzwa mabamba madogo ya kioo ya kubandika upande wa ndani, ili hewa iliyonaswa katikati izuie baridi isifike kwenye pumzi. Zilikuwapo feni ndogo za dashibodi zenye mapanga ya mpira, zilizopuliza hewa kwenye kioo. Miguu ilipashwa kwa visanduku vya bati vyenye mkaa wa moto, vilivyofunikwa zulia.

Joto halisi lilitoka kwenye injini. Hita za kwanza zilipitisha hewa kando ya bomba la ekzosi. Zilichoma kweli, lakini bomba likitoboka, moshi wenye sumu uliingia ndani. Njia salama ilikuwa kutumia maji ya moto ya rejeta: kuyapitisha katika rejeta ndogo ndani ya gari, feni nyuma yake. Katikati ya miaka ya 1930 hewa ya hita hiyo ilianza kuelekezwa, kupitia mifereji myembamba, hadi chini ya kioo cha mbele. Hapo ndipo dereva alipopata kwa mara ya kwanza kitufe cha kuyeyusha barafu.

Hatua ya busara zaidi ilitoka Kenosha, Wisconsin, kwa kampuni ya Nash, katika magari yake ya mwaka 1938. Hita nyingi zilizungusha hewa ileile iliyokwisha kupumuliwa, kwa hiyo zilipasha moto na kutia ukungu kwa pamoja. Mfumo wa Nash ulivuta hewa mpya kutoka nje, ukaichuja, ukaipasha moto, kisha ukaisukuma ndani. Hewa ya nje wakati wa baridi ni kavu mno, na ikishapashwa joto huwa na kiu ya maji, hivyo huukausha ukungu badala ya kuuongeza. Kila hita ya gari inayofanya kazi vizuri leo imejengwa juu ya wazo hilo.

Katika nchi tambarare za kaskazini palikuwa na kikwazo kingine: injini yenyewe iliganda, na hita haina joto la kutoa mpaka injini ipate moto. Andrew Freeman, mtu wa ushirika wa umeme huko Grand Forks, North Dakota, alitengeneza kifaa cha umeme kilichochukua nafasi ya boliti moja ya kichwa cha injini na kuipasha moto usiku kucha. Alipata hataza yake Novemba 1949. Hadi leo, mgeni anayefika Winnipeg au Fairbanks hushangaa kuona soketi za umeme zimepangwa kwenye maegesho na nyaya zikining'inia mbele ya magari.

Sheria inaingia

Kwa nusu karne yote hiyo, hita na mfereji wa kioo vilibaki vitu vya hiari. Aliyekuwa na fedha alinunua, asiyekuwa nazo alikwangua. Gari la Volkswagen la muundo wa kobe, lililouzwa zaidi ya milioni 21, lilikuwa na injini nyuma, tena iliyopozwa kwa hewa badala ya maji. Joto lake lilisafiri urefu wote wa gari kabla ya kufika kwenye kioo, na njiani lilipotea. Maelfu ya wenyeji wa Ulaya na Amerika Kaskazini walizoea kuendesha mkono mmoja ukiwa kwenye usukani na mwingine ukikwangua kioo kwa ndani.

Mabadiliko yalikuja pamoja na vuguvugu la usalama barabarani. Septemba 1966 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyoipa serikali ya Marekani mamlaka ya kuwawekea watengenezaji viwango. Miongoni mwa viwango vya kwanza, vilivyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1968, kilikuwamo cha namba 103: kila gari la abiria sharti liwe na mfumo wa kuondoa barafu na ukungu kwenye kioo cha mbele. Jumuiya ya Ulaya ikafuata kwa agizo lililopitishwa Desemba 1977.

Jaribio la agizo hilo la Ulaya linastahili kuelezwa, kwa kuwa linaonyesha jinsi adha ya alfajiri ilivyogeuzwa kuwa kipimo. Gari huachwa katika chumba chenye baridi ya nyuzi 8 au 18 chini ya sifuri. Kioo hunyunyiziwa maji, gramu 0.044 kwa kila sentimita moja ya mraba, nayo huganda kuwa tabaka la kama nusu milimita. Kisha injini huwashwa na saa kuanza kuhesabu. Baada ya dakika 20, asilimia 80 ya eneo la macho ya dereva iwe wazi. Baada ya dakika 25, iwe hivyo pia upande wa abiria. Baada ya dakika 40, asilimia 95 ya sehemu pana ya kioo iwe safi. Gari lisilofaulu haliidhinishwi kuuzwa.

Hapo mzigo wa kioo ulihama rasmi. Kuona kupitia kioo wakati wa theluji, jambo ambalo kampuni ya Montreal haikuona faida yake mwaka 1905, sasa kulikuwa sharti la kuingia sokoni.

Mafundi waliendelea. Kioo cha nyuma, ambacho hewa ya hita hukifikia kwa shida, kilichapwa mistari myembamba yenye madini ya fedha inayopata moto umeme ukipita. Kampuni ya Ford ilijaribu utando mwembamba wa dhahabu katika kioo cha mbele cha magari yake ya kifahari ya mwaka 1974. Mwaka 1985, katika gari la Scorpio huko Ulaya, ikaleta kioo chenye nyaya nyembamba mno kuonekana kwa urahisi, zilizofichwa kati ya tabaka mbili za kioo. Mashine ya kupoza hewa nayo ilipewa kazi ya baridi: huikausha hewa kabla ya hita kuipasha, na ndiyo maana huwaka yenyewe katika magari mengi dereva akibonyeza kitufe cha kioo.

Kemia ilileta msaada na hatari. Spiriti huganda kwenye baridi kali mno kuliko maji, kwa hiyo mchanganyiko wake ukipuliziwa kwenye barafu huilegeza. Methanoli ilipendwa kwa urahisi wa bei, lakini ni sumu inayopofusha na kuua, na walikuwapo watu waliokunywa maji ya waipa kama mbadala wa pombe. Tangu Mei 2019 Umoja wa Ulaya umezuia kuuzia umma maji ya waipa na dawa za barafu zenye methanoli inayofika asilimia 0.6 ya uzito.

Kwa nini kikwanguo hakijafa

Pamoja na yote hayo, katika kila gari la Oslo, Toronto au Minneapolis utakuta kikwanguo: kipande cha plastiki ngumu, mara nyingi chenye brashi upande wa pili. Plastiki ilipokuwa rahisi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kikwanguo kikawa kitu cha kugawa bure, kimechapwa jina la benki au kituo cha mafuta. Ujerumani kimeunganishwa hata na kibao cha kuonyesha saa ya kuegesha gari, ukingo mmoja ukiwa na meno ya kukwangulia.

Sababu ya maisha yake marefu iko katika hesabu ya joto. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyo nyuzi 0 hudai kilojuli 334, na joto hilohilo lingetosha kuyapandisha maji yaleyale kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Hita hulipa gharama hiyo yote. Kikwanguo hakiyeyushi chochote. Huvunja tu ule mshikamano kati ya barafu na kioo, na tabaka likaporomoka likiwa bado barafu. Sakitu ya usiku wa nyota huondoka kwa pigo jepesi, kwa kuwa fuwele zake zimesimama zikiwa na hewa katikati. Mvua ya barafu ni ngumu kuliko zote. Matone yake hufika yakiwa maji yaliyopoa chini ya sifuri, hutandaa kwanza, ndipo huganda, yakishika kila kijitundu. Januari 1998 mvua ya namna hiyo ilinyesha kwa siku tano na zaidi kusini mwa Quebec na mashariki mwa Ontario, ikaangusha minara ya umeme na kuyaziba magari kabisa.

Wengi wanaofika ugenini hufikiria maji ya moto kwanza. Kioo hupitisha joto polepole, hivyo upande wa nje hutanuka huku wa ndani ukiwa bado umesinyaa, na mkwaruzo mdogo uliokuwapo hugeuka ufa wa kuvuka kioo kizima. Maji yenyewe hupoa upesi na kuganda upya.

Kuliacha gari linanguruma hadi litakapojiyeyusha kuna gharama yake pia. Monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu, imeua watu katika gereji zilizofungwa, na hata nje, pale theluji ilipoziba bomba la ekzosi. Ujerumani sheria inakataza kuacha injini ikiwaka bila sababu, na kupasha gari moto asubuhi kumehesabiwa humo. Magari ya umeme yameliweka suala hili upya, kwa kuwa hayana joto la injini la kutupa. Chama cha madereva cha Marekani, AAA, kilipoyapima mwaka 2019 katika baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri hita zikiwa zimewashwa, yalipoteza kwa wastani asilimia 41 ya umbali yanaoweza kwenda kwa chaji moja. Norway, ambako karibu magari tisa kati ya kumi mapya yaliyouzwa mwaka 2024 yalikuwa ya umeme, watu wengi hupasha gari kwa amri ya simu likiwa bado limechomekwa ukutani, ili umeme wa nyumba ndio uyeyushe barafu na betri ibaki kwa safari.

Deni la dereva

Kuna jambo moja ambalo hakuna kiwanda kinachoweza kulimaliza. Mtu aliyechelewa kazini hukwangua kitundu kinachotosha jicho moja, akaondoka akitumaini hita itafanya mengine njiani. Kiwango cha Ulaya chenyewe kinaipa hita dakika 20, na katika dakika hizo watoto wanavuka kwenda shule. Kwa sababu hiyo sheria zimemrudia dereva. Kanuni za barabara za Uingereza zinasema kioo chote kiwe wazi kabla gari halijaondoka. Ujerumani, anayeendesha kwa kuchungulia kitundu hutozwa faini. Majimbo kadhaa ya Marekani, New Hampshire ikiwa miongoni mwa ya kwanza, yanamwajibisha hata anayeacha vipande vya barafu juu ya paa, kwa sababu huruka kwa kasi na kumpiga anayefuata nyuma.

Wasomaji wetu wengi sasa wamo katika historia hii. Waliotoka Kongo na kupewa makazi Maine au Iowa, Wakenya wa Minnesota, Watanzania wa Skandinavia, wengi wao wakiwa madereva wa teksi, wa malori na wauguzi wa zamu za usiku, hushika kikwanguo saa kumi na moja alfajiri kama wenyeji wao. Wanachopaswa kujua si kingi. Kinga kioo jioni kwa turubai au gazeti. Zima waipa kabla ya kuzima gari, zisije zikaanza kuvuta mpira ulioganda. Asubuhi washa hita ikivuta hewa ya nje, pamoja na mashine ya kupoza hewa. Kwangua vioo vyote, taa na vioo vya pembeni, kisha ufagie paa.

Kazi hiyo huchukua dakika chache, na ni deni. Mary Anderson aliwaza juu ya abiria wanaotetemeka, Oishei juu ya mtu wa baiskeli, na waliotunga kanuni za 1968 na 1977 juu ya umma wasioujua kwa majina. Dereva anayesafisha kioo chake chote analipa sehemu yake ya deni hilohilo. Anayevuka barabara mbele yake hana njia ya kujua kama ameonekana. Ana haki ya kuonekana, na haki hiyo iko mikononi mwa aliyeshika kikwanguo.